Nusu ya Kipande

Inawezekanaje presha ya mtu anayekula chokoleti nyeusi kila siku ishuke, na ya mwenzake asiyeonja hata chembe ishuke vilevile, kwa kiasi kilekile, katika wiki zilezile?

Swali hilo lilikuwa limemkalisha mwanafunzi huyu wa mwaka wa mwisho wa lishe mbele ya kompyuta tangu asubuhi, na kadiri alivyolizungusha kichwani ndivyo lilivyozidi kumcheka. Alikuwa amewapima mafundi ishirini na wanne wa kiwanda kimoja cha kushona sare. Kumi na wawili kati yao walipewa kipande cha chokoleti cha gramu ishirini kila siku ya kazi, saa nne kamili, kwa wiki sita. Kumi na wawili wengine hawakupewa. Kila Jumatatu aliwafunga wote mkanda wa presha mkononi na kuandika tarakimu. Alitarajia grafu yenye mistari miwili inayoachana. Badala yake alipata mistari miwili iliyoteremka bega kwa bega, kama ndugu waliotumwa dukani pamoja.

Alikokotoa upya. Akakokotoa mara ya tatu kwa kalamu na karatasi, kana kwamba kompyuta ilikuwa na kinyongo naye. Walaji walishuka pointi sita. Wasiokula walishuka pointi sita kasoro kidogo.

Hakuichagua mada hii kwa mzaha. Alikuwa amechoka kusikia chokoleti nyeusi ikisifiwa kila kona: mara husafisha damu, mara hulinda moyo, mara huondoa mawazo na kurudisha ujana. Makala alizozisoma zilikuwa na adabu zaidi. Zilisema kwamba kakao ina viambata vinavyoweza kuisaidia mishipa ya damu kulegea; kwamba baadhi ya vipimo vilionyesha presha ikishuka kidogo na vingine havikuonyesha kitu; na kwamba sukari na mafuta yaliyomo ndani yake si vya kufumbiwa macho. Yeye alitaka kujua ukweli huo unamhusu vipi mtu anayekaa kwenye cherehani saa tisa kwa siku. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba mtu kama huyo anastahili jibu lililopimwa, si jibu la kwenye tangazo.

Na mpango wake, alivyouona yeye, ulikuwa hauna doa. Katika kiwanda kile mafundi hufanya kazi wawili wawili, meza moja, wakitazamana: mmoja anashona kola, mwenzake anatia vifungo, mmoja anapiga pasi, mwenzake anakunja. Basi akawagawa ndani ya meza. Mmoja ale, mmoja asile. Joto lao lilikuwa moja, kelele zao zilikuwa zilezile, kazi yao ilifanana kama mikono miwili ya shati. Mhadhiri aliyemsimamia aliposoma pendekezo hilo aliweka alama ya vema pembeni kwa wino mwekundu.

Sasa mhadhiri huyohuyo aliitazama grafu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Binti, unajitesa bure," alisema. "Walaji wameshuka pointi sita. Hayo si matokeo?"

"Ni matokeo, mwalimu. Lakini wasiokula nao wameshuka."

"Waache hao."

"Niwaache vipi?"

"Waweke kando. Andika kabla na baada. Walikuwa pale, sasa wako hapa. Mstari mmoja, grafu moja, kwisha habari. Watu wanahitimu kwa kidogo kuliko hicho."

"Lakini itakuwa kama nimesema ni chokoleti iliyowashusha."

"Wewe hujasema. Atakayesoma ndiye atakayesema." Aliisukuma karatasi mezani kuelekea kwake. "Kazi zinapokewa mwisho Ijumaa. Ukiikosa Ijumaa, unarudia mwaka. Sikutishi, nakukumbusha."

Alitoka mle ofisini akiuma meno. Kurudia mwaka! Mama yake alikwishawatangazia ndugu wa karibu na wa mbali kwamba anahitimu. Shangazi yake, ambaye ndiye msimamizi wa kiwanda kile cha sare, alikwishakata kitambaa cha gauni la mahafali, na alikuwa amemwita mara mbili kuja kujaribu. Kilichomkera zaidi ni kwamba maneno ya mhadhiri yalikuwa yameanza kumwingia akilini. Mstari mmoja, grafu moja. Angeweza kuimaliza kazi ile kabla ya chakula cha mchana.

Kabla ya kuamua lolote, aliona heri aende akaone kwa macho yake. Kwa wiki sita alikuwa akifika kiwandani Jumatatu tu, siku ya kupima. Ugawaji wa kila siku, ambao ungekoma Ijumaa hiyo, alimwachia shangazi. Safari hii alikwenda Jumatano, bila kuaga mtu.

Alifika saa nne kasorobo. Ukumbi ulikuwa mrefu, wenye madirisha ya juu yaliyofifishwa na vumbi la nyuzi, na cherehani zilinguruma zote kwa pamoja hata sakafu ikawa inawasha nyayo. Aliketi nyuma ya robota za kitambaa cha kijivu. Hakujificha, ila hakujionyesha pia.

Ilipotimia saa nne, shangazi aligonga meza kwa rula ya mbao mara mbili. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Watu wote wakanyoosha miguu, wengine wakaegemeza migongo ukutani. Shangazi akapita na kopo la bati, akimpa kila mlaji kipande chake: miraba miwili ya chokoleti iliyoungana, yenye mfereji mwembamba katikati.

Kwenye meza ya mbele aliketi fundi mmoja mrefu ambaye wote walimwita Kola, kwa kuwa hajawahi kushona kitu kingine. Kola alipokea kipande, akaupapasa ule mfereji kwa kidole gumba, akakigonga kwenye ukingo wa meza. Tak! Nusu akaitia kinywani. Nusu nyingine akaipitisha ng'ambo ya meza bila hata kuinua macho, jinsi mtu anavyompitishia mwenzake mkasi, na mwenzake, mwanamke mnene wa vifungo, akaipokea vivyo hivyo.

Tak! ikasikika meza ya pili. Tak, tak, meza ya tatu na ya nne, mpaka ukumbi mzima ukawa unalia kama watu wanaovunja vijiti vya kuwashia moto.

"Simameni!" Mwanafunzi alijikuta katikati ya ukumbi, mikono hewani. "Yaani, msisimame! Acheni kutafuna!"

Watu ishirini na wanne walimgeukia, midomo imejaa.

"Daktari!" Kola alisema baada ya kumeza. "Leo si Jumatatu."

"Mimi si daktari," alijibu, kama alivyokuwa akijibu kwa wiki sita. "Umefanya nini sasa hivi?"

"Nimekula dawa yako."

"Si dawa! Na nusu umempa nani?"

"Si huyu hapa." Kola alimwonyesha Vifungo kwa kidevu. "Ulitaka nimpe nani, jirani wa nyumbani?"

"Tangu lini?"

Kola alimtazama Vifungo. Vifungo alitazama dari.

"Tangu siku ya pili," Vifungo alisema hatimaye. "Siku ya kwanza alikula peke yake. Anatafuna, ananitazama. Nikamnunia mpaka jioni."

"Kununa tu? Alinitilia vifungo upande usio wake, mashati kumi na moja!" Kola aligeukia ukumbi kutafuta mashahidi. "Nikafumua yote mwenyewe. Kesho yake nikasema, mama, chukua nusu, tuishi kwa amani."

Ukumbi uliangua kicheko. Mwanafunzi hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa furushi la fomu na kuzipepea juu kama mtu anayefukuza nzi.

"Lakini fomu! Kila siku mmetia alama kwenye fomu! Nilizisoma zote! Nilizipanga kwa tarehe!"

"Hebu isome hiyo fomu yako kwa sauti," Vifungo alisema kwa upole.

"'Je, leo umekula chokoleti?'"

"Kala. Katia alama. Uongo uko wapi?"

"Na wewe je? Wewe uko kundi la wasiokula!"

"Mimi sikupewa fomu."

Ni kweli. Hakuwapa wasiokula fomu. Alipopanga kazi hii aliona ni kupoteza karatasi kumwuliza mtu kila siku kuhusu kitu ambacho hakupewa.

"Ungeniambia, basi! Jumatatu sita nimekufunga mkanda mkononi, tumepiga soga, umenieleza mpaka habari za mkwe wako. Hukuona hata siku moja useme, dada, na mimi nakula?"

"Ulinikataza kuongea mkanda ukiwa mkononi," Vifungo alijibu. "Ukimaliza, unamwita mwingine."

Kutoka kwenye meza ya mwisho, penye mvuke, Mama Pasi aliinua mkono. Alikuwa ndiye mkubwa kwa umri kuliko wote pale, mpiga pasi wa miaka mingi, na mmoja wa wale kumi na wawili wasiopaswa kula. Pia alikuwa ndiye mwenye presha ya kweli kweli, ya vidonge vya kila asubuhi.

"Shikamoo, mama," mwanafunzi alisema, hasira ikimlegea kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Usiwagombeze. Mkunjaji wangu hapa ananikatia nusu yangu kila siku, na mimi nakushukuru wewe. Presha yangu uliiona mwenyewe."

"Niliiona, mama. Imeshuka."

"Basi. Nimekwisha kumwambia mganga wa zahanati kwamba nasubiri karatasi yako tu. Siku utakayoandika kwamba chokoleti inashusha, vidonge naviweka chini. Vinanikausha mdomo, vinanizungusha kichwa. Hiki nacho ni kichungu, lakini kinalika."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, wakimwonea fahari. Mwanafunzi alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Mstari mmoja, grafu moja. Na mwisho wa mstari huo ameketi Mama Pasi, anangoja.

"Bado unavimeza lakini, mama? Hivi leo umemeza?"

"Leo nimemeza. Nakusubiri wewe."

Shangazi alimshika kiwiko, akamwingiza katika kiofisi chake cha kuta za mbao, palipojaa vibiringo vya uzi hadi darini. Mlango ulipofungwa, alivua futi shingoni na kuiweka mezani, ishara kwamba sasa anaongea kama ndugu.

"Unawafokea mafundi wangu kwa nini?"

"Wameniharibia kazi, shangazi! Na wewe ulijua! Ulikuwa unagawa huku unaona!"

"Nilijua, ndiyo."

"Ukanyamaza wiki sita?"

"Uliniambia nigawe saa nne, watu wakiwa wamekaa, wametulia. Nikagawa saa nne, watu wamekaa, wametulia. Uliniambia nihakikishe hawapeleki nyumbani. Hakuna aliyepeleka nyumbani. Kuna jingine uliloniagiza?"

"Kila mtu anajua kwamba kundi la wasiokula halitakiwi kula!"

"Nani kila mtu? Wewe na mwalimu wako?" Shangazi alishusha pumzi. "Sikia, mtoto wa kaka. Hawa wanatumia mkasi mmoja, sindano moja, kikombe kimoja cha chai. Mmoja akiumwa, mwenziwe anashona kwa mikono minne. Wewe umekuja ukampa mmoja kitu kitamu..."

"Kichungu."

"...kitu kichungu, chenye mstari katikati, kilichotengenezwa kivunjwe, ukamweka mwenziwe mbele yake amtazame. Ulitegemea nini?"

Alitegemea nini? Alisimama akivikodolea macho vibiringo vya uzi. Kwa siku tatu alikuwa ameitafuta kasoro katika tarakimu, katika mkanda wa presha, katika kompyuta. Kumbe kasoro aliipanga yeye mwenyewe kwa rula na kalamu, akasifiwa kwa wino mwekundu. Alikuwa amewachagua watu wasiogawanyika, halafu akawagawanya. Hasira yake ilizunguka ukumbi mzima ikitafuta pa kutua, ikarudi ikamtua yeye.

"Kwa hiyo wote walikula nusu," alisema polepole. "Gramu kumi. Ndiyo maana wameshuka sawasawa. Basi huenda chokoleti imefanya kazi, shangazi! Huenda hata nusu inatosha!"

"Huenda." Shangazi aliokota futi, akaanza kuikunja. "Au huenda ni kukaa."

"Kukaa?"

"Kabla hujaja na kopo lako, nani alikuwa anapumzika saa nne hapa? Cherehani zilikuwa zinaanza saa mbili na kunyamaza saa saba. Wewe ndiye uliyeandika kwamba wale wakiwa wametulia, dakika kumi. Nikaona siwezi kuwakalisha kumi na wawili na wengine wakaendelea kunguruma. Nikawakalisha wote. Mama Pasi amesimama kwenye mvuke ule miaka na miaka. Hii ni mara ya kwanza anakalia kiti kabla ya mchana."

Mwanafunzi alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Shangazi, kwa nini hukuniambia?"

"Nakuambia sasa. Na gauni utalijaribu lini? Kitambaa kinanichukulia nafasi."

Siku iliyofuata aliketi tena mbele ya kompyuta. Alifungua ukurasa mpya, akachora grafu ile aliyoshauriwa, yenye mstari mmoja. Ilimchukua dakika ishirini. Ilipendeza mno, mstari ulishuka taratibu kama pazia, na hakuna neno hata moja juu yake lililokuwa la uongo. Walipewa chokoleti. Presha ilishuka. Vifungo mwenyewe asingejibu vizuri zaidi: kala, katia alama, uongo uko wapi? Hapo ndipo alipoichukia. Aliitazama kwa muda, akaifuta, na akaandika kurasa nne za namna nyingine.

Idara yao ilikuwa na utaratibu mmoja ambao yeye aliupenda kuliko mengine yote: matokeo husomewa kwanza waliopimwa, papo hapo walipopimiwa, kabla ya kupokewa chuoni. Kwa hiyo Ijumaa saa nne, rula ya shangazi ilipogonga, mhadhiri naye alikuwa ukumbini, ameketi kwenye kiti cha heshima kati ya Kola na Vifungo, kamera mapajani. Alikuwa amepewa nusu kipande na Kola na alikuwa akikitafuna kwa uso uliokunjamana.

"Kichungu, eh?" Vifungo alimnong'oneza. "Chovya kwenye chai, mwalimu. Sisi wote tunachovya."

"Mnachovya?" Mwanafunzi aligeuka. "Kwenye chai ya sukari?"

"Fomu haikuuliza," Kola alisema, na ukumbi ukacheka tena.

Alifumba macho, akahesabu mpaka tano, akayafumbua. Mama Pasi alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na pasi iliyozimwa. Mapajani pake palikuwa na kitambaa cha mkononi kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo, kwa umbo lake, pakiti ya vidonge. Alikuja tayari kuviaga.

"Haya, binti," mhadhiri alisema akiinua kamera. "Tusomee. Ukurasa mmoja, au siyo?"

"Kurasa nne, mwalimu."

Kamera ilishuka.

"Sitazisoma zote," aliendelea. "Nitasema yaliyomo. Presha zenu zimeshuka, na hilo ni kweli. Sijui ni chokoleti iliyozishusha, au ni dakika kumi za kukaa, au ni vyote viwili, au ni kingine ambacho sikukiuliza. Sijui kwa sababu nilipanga vibaya. Ninyi hamkuniharibia kazi. Niliwafokea Jumatano, naomba mnisamehe."

"Tumekusamehe, daktari," Kola alisema.

"Mimi si daktari. Na kwa kuwa mimi si daktari, Mama Pasi, nakuomba mbele ya hawa wote: karatasi uliyokuwa ukiisubiri haipo. Vidonge utaendelea kuvimeza kila asubuhi kama ulivyoandikiwa. Vikikuzungusha kichwa, Jumatatu nitakusindikiza zahanati tukamwambie aliyekuandikia, akupe vingine. Chokoleti kula ukipenda. Haichukui nafasi ya kidonge."

Mama Pasi alilitazama fundo lake. Hakulifungua. Alilirudisha mfukoni taratibu, kwa uso wa mtu aliyenyimwa likizo.

"Unajua maana yake lakini?" mhadhiri aliuliza kwa sauti ya chini. "Kazi isiyo na jibu siwezi kuipitisha."

"Najua, mwalimu. Siikabidhi leo." Aligeukia mlango wa kile kiofisi, aliposimama shangazi na futi shingoni. "Mwaka huu sihitimu. Shangazi, gauni liweke kabatini. Mama nitamwambia mwenyewe. Mwezi ujao naanza upya: hapa mtakula wote, kipande kizima kila mtu, bila chai. Wasiokula nitawatafuta kiwanda kingine, mbali na huruma zenu, na huko nako watakaa dakika kumi kama ninyi. Na safari hii kila mtu atapewa fomu."